Kifungu cha Saba

Kazi yangu ni kusoma mshale.
Gari likiingia uani, kabla ya salamu,
nainama dirishani, nafungua swichi,
nasubiri mshale upande, utulie,
napiga picha. Tarehe, saa, namba ya gari.
Kisha ndipo nauliza habari za safari.

Mkataba una vifungu kumi na viwili.
Watu husoma cha bei, na pale pa kusaini.
Cha saba ndicho kinachotugombanisha:
mafuta yarudi kama yalivyoondoka;
yakipungua, kila lita elfu nne na mia tano,
na elfu kumi na tano ya usumbufu.
Usumbufu ni mimi.
Ni Chande na dumu lake kuvuka barabara
mpaka sheli ile pale, hatua mia mbili,
ambako lita hiyohiyo ni elfu tatu na ushei.
Elfu kumi na tano yenyewe hatujawahi kuiona,
si mimi, si Chande.

Nimeona mengi hapa Sinza.
Wapo wanaoegesha pua juu kwenye tuta
ili mshale ulalie upande wao.
Yupo aliyeniapia hakuvuka Mwenge,
na kilomita mia na arobaini zimekaa pale zinamtazama.
Njia ya mwongo ni fupi,
lakini inakula mafuta.
Na yule dada ambaye harusi yake ilivunjika Ijumaa:
gari hakulipeleka popote.
Alikaa ndani peke yake, utepe mweupe bado uko kwenye boneti,
injini inaunguruma, kiyoyozi kinavuma,
mpaka taa ya njano ikawaka.
Nilimtoza. Kifungu ni kifungu.

Basi Jumapili akarudi Bwana Mwinshehe Kondo,
fundi cherehani wa Tandale.
Alichukua ile Raum ya rangi ya fedha, mshale robo.
Nikainama kama kawaida.
Nusu.
Nikazima swichi, nikafungua tena.
Nusu, na unywele juu yake.

"Umezidisha," nikamwambia.
"Najua."
Alikuwa amempeleka mwanawe bweni, Kibaha,
kidato cha kwanza: godoro, ndoo, jembe, rimu ya karatasi.
"Nilijaza ya kuzunguka," akasema.
"Nilijua tukifika getini atalia.
Nikasema akilia nimzungushe kidogo, mpaka Mlandizi huko,
ikibidi nimrudishe nyumbani, tujaribu tena kesho.
Hakulia.
Alibeba ndoo yake akaniambia,
Baba, wewe nenda, utakuta foleni Kimara."

Nikapekua mkataba mbele na nyuma.
Yakipungua, yapo. Yakizidi, hayapo.
Vifungu kumi na viwili, mwanasheria alilipwa,
na hakuna aliyewaza kwamba mtu
anaweza kurudisha zaidi.
Nikampigia bosi. Akacheka sana.
"Mwambie ahsante."

Nikamwambia ahsante.
Akasaini, akatazama kiti cha nyuma mara moja,
kama mtu anayehakikisha hajasahau kitu,
akaondoka kwa miguu.

Jioni Chande akaja na mpira na dumu.
Jenereta la bosi linapenda mafuta ya bure.
Akavuta, akatema, akavuta tena,
na ule mzunguko wa Mlandizi ukaanza kushuka,
safari ambayo mtoto hakuihitaji,
ukijaa taratibu ndani ya dumu
lililowahi kuwa la mafuta ya kupikia.
Nilisimama mlangoni nikiuangalia mshale
ukirudi palepale tulipoandikiana.
"Sasa imekaa kimkataba," Chande akasema,
akijifuta mdomo kwa kiwiko.

Usiku nimefungua daftari la madeni,
lile la wateja tunaowadai, kurasa tele.
Nimeligeuza, nikaanzia nyuma, kwa kalamu ya bluu:

Mwinshehe Kondo. Lita kumi na nusu.
Anatudai.

Bosi sijamwonyesha.
Sikujua pa kugonga muhuri.